Gari la Viti Viwili

Sitawaeleza alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani. Waliotaka kujua hayo walimwuliza mwenyewe, naye aliwapa jibu moja tu: "Mimi ni dereva." Basi, imekwisha. Utadhani mama yake alimzaa ameshika usukani. Mtaa mzima wa Manundu ulimwita Dereva, stesheni ya Korogwe walimwita Dereva, na hata dada yangu, mke wake wa ndoa, akikasirika alimwita vivyo hivyo kwa kulivuta neno: "Dereeeva, ugali umepoa." Mimi nilimwita shemeji, maana ndiyo adabu niliyofunzwa kwetu Bungu. Lakini moyoni nilikuwa na majina mengine ya kumwita, na kwa kuwa sasa ameshatangulia na mimi sina wa kumwogopa, mengine nitayasema.

Nilishuka kutoka milimani na talaka yangu mkononi, sina mtoto, sina kuku, nikafikia kwa dada. Sikutaka kula vya bure, nikaanza kuuza chai na maandazi kando ya barabara, mkabala na gereji ambako magari ya mashamba ya mkonge yaliletwa kutengenezwa. Kwa hiyo huyu mtu nilimwona nyumbani na nilimwona kazini, na nakuambieni walikuwa watu wawili. Alikuwa akimwendesha Bwana Meneja wa shamba moja la mkonge ng'ambo ya mto, Mwingereza mrefu mwenye shingo nyekundu. Enzi zile dereva wa mzungu hakuwa mtu mdogo. Akipita, makarani walimpisha. Dukani alipimiwa sukari akiwa wa mwisho kufika na wa kwanza kuondoka, na sisi tuliokuwa tumesimama tangu asubuhi tulitazamana tu.

Kitu cha kwanza mgeni alichokiona kwake ni kwamba alishuka garini na kiatu kimoja. Cha kulia alikivua kila alipokaa kwenye usukani, akakiweka chini ya kiti. Aliendesha na unyayo mtupu juu ya pedeli. "Shemeji," aliniambia, "mwenye kiatu anaendesha kwa kukisia. Mguu ndio unaosikia injini inataka nini." Haya, tukubali. Lakini mguu huo ulitakiwa uwe laini, na ulaini haushuki kutoka mbinguni. Kila jioni dada yangu alikaa kwenye kigoda akausugua kwa jiwe, kisha akaupaka mafuta ya nazi. Ule wa kushoto uliachwa ukapasuka nyufa za kuingia senti. Mafuta yaliyonunuliwa kwa ajili ya nywele za watoto yaliishia kwenye unyayo wa kulia wa baba yao. Nikimwambia dada, "Mwache ajisugue mwenyewe, ana mikono," dada alinijibu, "Mguu huo ndio unaotulisha." Ulikuwa ukweli, na mimi ukweli wa namna hiyo sikuupenda.

Kupanda gari kama abiria alikataa kabisa. Lori la shamba lilipopita njia moja naye, utingo akapiga kelele, "Mzee Dereva, panda twende," yeye aliinua mkono, akaendelea kutembea juani. "Abiria ni mzigo unaosema," alisema. Baiskeli nayo aliiogopa, jamani! Mtu aliyeweza kulitoa gari kwenye tope la masika huku mzungu wake amefumba macho, huyo huyo akipewa baiskeli avuke nayo mtaa mmoja, alianza kutoka jasho. Watoto wa Manundu walijua, walimcheka, na yeye alijifanya hasikii.

Injini hakuitukana hata siku moja. Nimewahi kumwona chini ya gari mvua inanyesha, maji yanapita mgongoni, bolti imekatikia ndani, na anaisemesha kwa upole: "Njoo mama, njoo taratibu, hatuna haraka." Nyumbani chumvi ikizidi kidogo tu, nyumba nzima ilijua. Dada alikuwa akisema kwa kicheko kisicho na furaha, "Laiti ningezaliwa na kabureta." Tulicheka. Ukitazama vizuri, si jambo la kuchekesha.

Nisimwonee lakini. Mwaka mmoja wa mvua kubwa alikuwa anarudi kutoka Handeni na gari tupu la bwana, akamkuta mwanamke kando ya njia, uchungu umemshika, na mama mkwe wake amemshikia mwavuli wa jani la mgomba. Aliwapakia wote wawili kwenye viti vya ngozi akawafikisha hospitali ya Korogwe. Asubuhi Bwana Meneja akaona madoa, akafoka. Wengine wangesingizia mbwa, wangesingizia mafuta. Yeye alisimama wima akajibu, "Bwana, gari lilibeba mtu. Lingebeba nini?" Mzungu akageuka akarudi ndani. Hadithi hiyo ilizunguka mashamba yote, na siku hiyo, Mungu shahidi wangu, nilijivuna kuwa shemeji yake.

Tena alisifika kwa jambo moja: hakusema uongo juu ya gari. Mfanyabiashara akitaka kuuza lori lake bovu, akamletea kuku na mchele ili alisifie mbele ya mnunuzi, kuku alirudi na mchele ulirudi. "Lori hili limekufa," angesema, "bado kuzikwa tu." Watu walikuja kutoka Mombo na Handeni kumwomba asikilize magari yao. Alifunika macho kwa kiganja, akamwambia aliyekuwa ndani akanyage mafuta, kisha akatoa hukumu. Nilimwona akikosea pia, msidhani alikuwa mtume. Lakini kusema uongo, hapana. Aliusema mmoja tu maishani mwake, na nitafika hapo.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe.

Ilikuwa miaka ile mkonge ulipopanda bei mpaka mameneja wakapoteza akili. Huyu anajenga nyumba ya ghorofa, yule analeta farasi. Bwana wake Dereva alikuwa na gari kubwa jeusi la heshima, zito, la kukaa nyuma na kusoma gazeti. Siku moja akamwambia, kwa Kiswahili chake cha shamba, kwamba amechoka na jeneza lile. Anataka gari la mbio, dogo, lenye raha. "Nataka gari tamu kuendesha," alisema. "Wewe Dereva ndiye unayejua. Wewe utachagua."

Jioni ile shemeji yangu hakula. Alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi, akatuambia maneno hayo kama yalivyo, na akayarudia. Tamu kuendesha. Wewe utachagua. Ninyi mnaosoma leo mtaona upesi kosa liko wapi. Sisi hatukuliona, na hakuna mtu wa Korogwe ambaye angeliona. Kwetu mzungu mkubwa hakujiendesha, kama vile hakujifulia. Wale waliojiendesha walikuwa vijana wa ofisini wasio na cheo, au wamisionari. Gari likiwa tamu kuendesha, utamu huo ni wa nani? Wa anayeendesha. Na anayeendesha ni nani? Dereva. Shemeji yangu alisikia kwamba bwana wake, baada ya miaka yote ile ya vumbi, anamzawadia raha.

Wakala akaleta magari mawili kutoka Tanga. Nayakumbuka yote mawili, kwa sababu wiki ile sikuuza maandazi, niliuza viti vya kutazamia. Moja lilikuwa jekundu, lina paa la bati, viti viwili mbele na benchi nyuma la kukaa watu wawili wasio wanene. La pili lilikuwa la kijani, fupi, limeinama chini mpaka aliyekaa ndani angeweza kuokota jiwe barabarani. Halikuwa na paa, lina turubai la kukunjwa. Viti viwili, na nyuma ya viti hakuna kitu, labda mwavuli.

Dereva aliyapeleka yote njia ya Handeni, maana alisema barabara ile haina aibu, inamwumbua kila mtu. Bwana alikaa kushoto kwake ameshika kofia. Aliyapitisha kwenye mchanga, kwenye matuta yanayotikisa meno, kwenye vilima na kona. Jekundu likaenda, likarudi. La kijani likaenda, na tulilisikia kurudi kabla hatujaliona, sauti yake inapanda na kushuka bila kukwaruza. Lilipopita mbele ya gereji nilimwona usoni. Sijawahi kumwona mtu mzima na uso ule. Alikuwa anacheka, meno yote nje, vumbi kwenye meno, na mzungu kando yake naye anacheka, wote wawili kama watoto waliotoroka madrasa. Kumbe katika kucheka kule ndiko lilikokuwa janga lake. Mzungu alikuwa anaangalia ile mikono kwenye usukani, anaitamani nafasi.

Usiku ule nyumbani ilikuwa hotuba. "Jekundu ni zuri," alisema, "lakini linakwenda kama limetumwa. Lile la kijani! Unaiwaza kona, lenyewe limeshaingia. Ukilegeza mguu linakuuliza, vipi, tumefika? Gia zinaingia zenyewe, unazigusa tu."

Dada alikuwa anachambua mlenda. Akauliza, bila hata kuinua kichwa, "Na memsahibu atakaa wapi?"

"Wapi vipi?"

"Si umesema viti viwili. Wewe kimoja, bwana kimoja. Mkewe je?"

"Memsahibu ana lile kubwa jeusi."

"Atakubali kupitwa barabarani na mumewe? Bwana atataka kukaa na mkewe, baba watoto. Na wakikaa wawili, wewe utakaa wapi?"

Nilimwona akisita. Kidogo tu, lakini nilimwona. Kisha akacheka kwa pua. "Wewe unajua jembe," akamwambia dada yangu. "Mambo ya magari waachie wenyewe."

Dada akarudi kwenye mlenda wake. Siku nyingi baadaye niliona kwamba mtu mmoja tu Korogwe nzima alihesabu vile viti vizuri, na alikuwa hajui kusoma wala hajawahi kukaa ndani ya gari.

Kesho yake Bwana Meneja akawa anasitasita. Mkewe alilipenda jekundu, kwa sababu ya paa na jua. Hapo ndipo shemeji alipotamka uongo wake. Alimwambia bwana kwamba springi za jekundu ni dhaifu, masika moja tu zitakatika. Springi zilikuwa nzima kabisa. Mimi nilimsikia kwa masikio yangu, walikuwa wamesimama gereji na mimi nimepeleka chai. Mtu aliyerudisha kuku na mchele wa watu kwa ajili ya ukweli, aliutupa ukweli huo kwa ajili ya gari la kijani. Bwana akasema, "Basi, umeamua," akampiga begani.

Siku ya kukabidhiwa gari, dada alipiga pasi sare ya kaki mara ya pili kwa sababu mkunjo wa kwanza haukumridhisha bwana mkubwa wa nyumba. Unyayo ulisuguliwa mpaka ukawa wa mtoto. Watu wa Manundu walitoka kumtazama anavyokwenda, na mimi nilimfungia maandazi ya moto kwenye karatasi. Aliyonisimulia dada juu ya yaliyotokea huko ni haya. Shemeji alilitoa gari bandani, akalifuta, akakaa kwenye usukani, akavua kiatu cha kulia, akangoja. Bwana akatoka na mkewe, amevaa miwani ya vumbi na kitambaa shingoni. Memsahibu akaingia kushoto. Bwana akaja kulia, akafungua mlango, akasimama. Shemeji akamtazama. Bwana akamtazama. Akasema kwa furaha kabisa, bila ubaya wowote, "Asante, Dereva. Umechagua vizuri sana. Leo pumzika."

Wakaondoka. Kiatu chake kikaenda nao chini ya kiti, na yeye akarudi Manundu na mguu mmoja mtupu. Mchuma janga hula na wa kwao, nasi tulianza kula siku hiyo hiyo, maana alipoingia ndani alipindua sufuria.

"Leo pumzika" ile ikawa wiki, ikawa mwaka. Memsahibu aliona fahari kuendeshwa na mumewe, upepo wa nywele, kelele za watu. Gari kubwa jeusi likauzwa. Wa kulikalia nyuma hakuwapo tena. Na mtindo huo ukaenea. Mameneja wa mashamba jirani nao wakataka magari ya kujiendesha, na madereva wawili watatu waliokuwa wakimwamkia shemeji yangu kwa heshima wakaacha kumwamkia. Mmoja alikuja mpaka kwangu pale, akanywa chai, akasema kwa sauti ili shemeji, aliyekuwa akipita, asikie, "Yuko bingwa mmoja hapa, alimchagulia bwana wake gari, akajifukuza kazi mwenyewe." Watu wakaangua kicheko. Nilimmwagia chai iliyobaki miguuni na kumwambia kikombe ni changu. Mimi ndiye wa kumsema shemeji yangu, si yeye.

Hakufukuzwa, lakini. Heri angefukuzwa! Aliwekwa kuwa mtunzaji wa gari. Aliosha, alipaka nta, alitazama maji na hewa. Tena bwana alikuwa na wivu na gari lile, hakutaka injini iwashwe na mtu mwingine. Kwa hiyo kila asubuhi shemeji yangu alilitoa bandani kwa kulisukuma. Alilisukuma mpaka barazani, akasimama kando, na jioni akalisukuma kulirudisha. Jasho linamtoka, mkono mmoja kwenye usukani kwa juu ya mlango, na mwili wote nje. Gari alilolichagua yeye! Nilikwenda siku moja kumpelekea ujumbe wa mtoto mgonjwa, nikamkuta katika hali hiyo, nikageuka nikangoja nyuma ya ukuta mpaka amalize, nisimwaibishe. Nililia kwa hasira. Nilimchukia bwana, nikamchukia memsahibu, lakini nitasema ukweli, niliyemchukia zaidi ni yeye.

Maana riziki ilikuja, akaifukuza. Mwarabu mmoja mwenye duka alinunua basi la Korogwe hadi Handeni, akaja nyumbani kwa miguu yake, akakaa kwenye mkeka wetu, akamwomba aliendeshe. Shemeji akakataa. Mwarabu alipoondoka nikashindwa kujizuia.

"Shemeji, basi nalo ni gari."

"Basi ni soko lenye matairi."

"Soko hilo lingewalisha watoto wako."

"Watoto wangu wanakula."

"Wanakula maandazi yangu!"

Dada akaniambia nyamaza. Yeye akasema taratibu, kama anayefundisha, "Mimi nimeshaonja, shemeji. Sitashika mnyama aliyechoka, nyuma yangu mbuzi na matenga ya ngogwe. Bwana atachoka na ule mchezo. Kijana akichoka na mchezo, anamrudishia mwenyewe." Alikuwa anaamini! Alikuwa anakaa nyumbani jioni, bakuli mbele yake, na gari la kijani likipita barabara kuu tulilisikia, na bwana akikosea gia, ile sauti ya meno ya chuma, shemeji alifumba macho na kuacha tonge hewani. "Anamuumiza," alisema. Basi lilichukuliwa na kijana aliyewahi kuwa utingo, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha. Kijana yule akajenga nyumba ya bati.

Na kweli, bwana alimwita siku moja. Alianguka klabuni wakati wa mchezo wao ule wa farasi, mkono ukavunjika, ikabidi apelekwe Tanga kwa daktari. Mjumbe alikuja Manundu anakimbia: Dereva anatakiwa, sasa hivi, aendeshe. Mngemwona dada yangu alivyoifufua ile pasi. Mngemwona na yeye, alivyotoka, mgongo umenyooka. Saa ile ile tukatoka wote barabarani, na gari la kijani lilipopita lilipiga honi ndefu. Alikuwa kwenye usukani. Watu walishangilia, wale wale waliomcheka. Mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likauma, nikasahau kwamba nimekasirika.

Alirudi kesho yake kwa gari moshi. Alitembea kutoka stesheni, akapita mbele ya meza yangu, hakuniamkia wala hakujibu salamu. Kazini hakurudi tena, wala mshahara wake hakuufuata. Haukupita muda akafunga vyombo, akamchukua dada yangu na watoto, wakahamia Kwaluguru, upande wa Handeni, kulima. Dada yangu aliyekuwa na majirani, na bomba la maji karibu, na kanga za kubadilisha, akaenda kuanza porini na jembe. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Dada aliniaga akisema, "Mdogo wangu, mume akihama unauliza njia, huulizi sababu." Nilimjibu kwamba mimi ndiyo maana nina talaka.

Nilikwenda kuwaona katika siku zile za mwisho za utawala wa Mwingereza, mikutano kila mahali, na Bwana Meneja ameshafunga masanduku kurudi kwao. Nilipanda basi hadi Handeni, nikaunga kwa miguu. Nikawakuta shambani, wanapalilia mahindi. Dada alikuwa mstari wa mbali, ameinama. Yeye alikuwa karibu na njia. Alikuwa amekonda, na kichwa kimekuwa cheupe.

"Karibu, shemeji," akasema. Tukaulizana hali. Nikampa habari ya bwana wake, kwamba anaondoka na gari ameliuza kwa Mhindi wa Tanga. Nilidhani ataumia, au atafurahi. Hakufanya lolote. Akaegemea mpini wa jembe, na bila kuulizwa, baada ya miaka yote ile, akanisimulia safari ya Tanga.

"Kutoka Korogwe mpaka Muheza," akasema, "alinifundisha. 'Taratibu. Badilisha gia. Si hivyo, hivi. Wewe hujui gari hili, Dereva, gari hili linataka mkono mwepesi.' Mimi! Mkono ulikuwa unamuuma, nikasema ni maumivu yanayosema. Muheza tukasimama kutia mafuta. Mwenye pampu akalizunguka gari, akalishika shika, akasema kwa Kiswahili, 'Bwana, gari zuri hili, nani alikuchagulia?' Na mimi nimekaa pale, mkono kwenye usukani." Akang'oa gugu moja kwa mkono. "Bwana akasema, 'Nilichagua mwenyewe. Nililijaribu njia ya Handeni.'"

"Alisahau?" nikauliza.

"Hakusahau, wala hakudanganya. Ndiyo mbaya zaidi. Niliona usoni, alikuwa anakumbuka hivyo. Katika kumbukumbu yake ile siku alikuwa kwenye usukani yeye. Mimi sikuwapo."

Miaka yote nilikuwa nimemwekea maneno makali, nimeyanoa, na pale shambani sikuliona hata moja la kutumia. Nikamwuliza tu kitu ambacho nilitaka kukijua.

"Na kutoka Muheza mpaka Tanga? Uliendeshaje?"

"Niliendesha. Mtu ana mkono umevunjika, ungemwacha njiani?"

"Na gari lenyewe, shemeji? Siku ile ulipolipata mwenyewe. Lilikuwaje?"

Alitazama mahindi. Nikaona machozi, machozi ya mzee, yasiyotaka kushuka.

"Tamu," akasema. "Tamu kupita nilivyodhani. Nusu ya njia nililia, na bwana akadhani ni vumbi. Afadhali lingekuwa bovu, shemeji. Lingekuwa bovu ningepona."

Jembe la dada, ambalo lilikuwa limetusogelea mstari kwa mstari, lilikuwa limenyamaza. Dada yangu alikuwa amesimama, mkono kiunoni, amesikia yote.

"Umesikia, mdogo wangu?" akaniambia mimi, si yeye. "Huyu nimempikia tangu sina hata mvi moja. Neno hilo kwa mlo wangu hajalitamka hata siku moja."

Shemeji aliinama, akashika jembe lake, akaendelea na mstari wake. Dada naye akainama akaendelea na wake.